Maji ndani ya bomba huvurugika lini? Namba ya Reynolds si ukuta

Fungua vitabu vitatu vya fizikia au vya uhandisi kwenye sura inayohusu maji yanayopita ndani ya mabomba, na huenda ukakuta majibu matatu kwa swali moja. Kitabu cha kwanza kitasema mtiririko huacha utulivu na kuingia kwenye msukosuko pale namba ya Reynolds, inayokokotolewa kutokana na kasi ya maji, kipenyo cha bomba na mnato wa maji, inapofika 2,000. Cha pili kitasema 2,300. Cha tatu kitataja eneo la mpito, kati ya 2,000 na 4,000, kisha kitahamia mada nyingine. Mwanafunzi akiuliza ashike ipi, aghalabu huambiwa tofauti ni ndogo, achague mojawapo aendelee na hesabu.

Tofauti si ndogo. Mwaka 1961 mtafiti Werner Pfenninger alifanikiwa kuupandisha mtiririko ndani ya bomba hadi namba ya Reynolds ya 100,000, na ukabaki umetulia. Wanahisabati nao, wakiukagua mtiririko huohuo kwa milinganyo, hawajapata namba yoyote ambayo utulivu wake unapaswa kuvunjika wenyewe. Na hata hivyo, karibu kila bomba la maji lililo kwenye jengo lolote duniani limejaa msukosuko muda wote koki inapokuwa wazi. Mambo haya matatu ni kweli kwa pamoja. Yanaonekana kupingana kwa sababu tumefundishwa kuiona namba hiyo kama ukuta: chini yake utulivu, juu yake vurugu.

Tuanze na maneno yenyewe.

Tunazungumzia nini hasa

Mtiririko ni tulivu maji yanapokwenda kwa matabaka yanayotelezana bila kuchanganyika. Tabaka linalogusa ukuta wa bomba limesimama kabisa. Linalofuata linasogea taratibu, na kadiri unavyoelekea katikati ndivyo kasi inavyoongezeka, hadi kwenye mstari wa kati kabisa ambako kasi ni mara mbili ya kasi ya wastani. Kwenye mtiririko wa msukosuko maji bado yanakwenda mbele, lakini ndani ya mwendo huo kuna mizunguko mikubwa kwa midogo inayozaliana na kufa. Ukipima kasi kwenye nukta moja, inapanda na kushuka bila mpangilio unaoweza kuutabiri.

Mnato ni ule ugumu wa matabaka kutelezana. Asali ina mnato unaozidi wa maji kwa maelfu ya mara, ndiyo maana husikii kamwe asali ikivuma ndani ya mrija.

Neno la mwisho ni uthabiti, na hapa ndipo wengi hupotea. Utulivu unaeleza maji yakoje sasa hivi. Uthabiti unaeleza yatafanya nini yakisumbuliwa. Hali huwa thabiti ikiwa usumbufu mdogo hufa wenyewe na mambo yakarudi yalivyokuwa. Si thabiti ikiwa usumbufu hukua. Mtiririko unaweza kuwa umetulia kabisa na usiwe thabiti. Unaweza pia, na hiki ndicho kiini cha mada yote hii, kuwa thabiti dhidi ya usumbufu mdogo na kusalimu amri mbele ya usumbufu mkubwa kiasi.

Sasa namba yenyewe. Chukua kasi ya wastani ya maji, zidisha kwa kipenyo cha ndani cha bomba, kisha gawanya kwa mnato ambao umekwisha kugawanywa kwa msongamano wa kimiminika hicho. Jibu halina mita wala sekunde. Vipimo vyote vinafutana. Linalinganisha nguvu mbili: inesha, yaani ule ubishi wa maji yanayokwenda yasitake kusimamishwa wala kugeuzwa, na mnato, unaojaribu kulainisha kila tofauti ya kasi inayojitokeza. Namba ikiwa ndogo, mnato ndio unaotawala. Ikiwa kubwa, inesha inatawala, na usumbufu ukitokea hakuna wa kuukandamiza haraka.

Kwa maji ya nyuzijoto 20 hesabu ni rahisi. Bomba lenye kipenyo cha sentimita 2, maji yakienda sentimita 10 kwa sekunde, linatoa namba ya 2,000. Kasi hiyo ni ndogo kuliko watu wanavyodhani: ni chini kidogo ya lita 2 kwa dakika, kwa hiyo ndoo ya lita 20 ingehitaji zaidi ya dakika kumi kujaa. Ukifungua koki mpaka ndoo ijae kwa dakika mbili, umeshavuka 10,000. Pasha maji moto hadi nyuzijoto 60 bila kugusa kitu kingine chochote, na namba itapanda zaidi ya maradufu, kwa kuwa maji ya moto yana mnato mdogo.

Kilichoonekana Manchester mwaka 1883

Namba hii imebeba jina la Osborne Reynolds, aliyekuwa profesa wa uhandisi katika Chuo cha Owens, Manchester, Uingereza. Si yeye aliyeiita hivyo. Jina lilitolewa baadaye na Arnold Sommerfeld, mwaka 1908. Lakini jaribio ni lake, na lafaa kutazamwa kwa karibu kwa sababu muhtasari wake wa vitabuni umeacha nje nusu ya alichokiona.

Reynolds alizamisha bomba la kioo ndani ya tangi lenye kuta za kioo. Mdomo wa bomba ulikuwa na umbo la tarumbeta ili maji yaingie taratibu, na kwenye mdomo huo aliingiza mstari mwembamba wa maji yenye rangi. Vali ilipofunguliwa kidogo, mstari wa rangi ulinyooka kutoka mwanzo wa bomba hadi mwisho, haukutetereka. Alipoifungua zaidi, mstari ulibaki vilevile. Akaongeza tena, na ghafla, mbali kidogo na mdomo, rangi ikatawanyika na kulijaza bomba zima kwa ukungu. Kwa macho ya kawaida ilikuwa ukungu tu. Alipoumulika kwa cheche ya umeme, ambayo huwaka kwa kitambo kifupi kiasi kwamba mwendo huonekana umesimama, ukungu ule ulifumuka ukawa misokoto iliyo wazi kabisa. Rangi haikuwa imeyeyuka kwenye maji. Ilikuwa imekunjwa, ikazungushwa, ikakunjwa tena.

Hadi hapo ndipo vitabu vingi hukomea. Lakini Reynolds aliandika mambo mengine mawili. Kwanza, karibu na mpaka, msukosuko haukuja na kubaki. Ulikuja kwa vipande: sehemu ya bomba inavurugika, kipande hicho kinasafiri na maji, nyuma yake utulivu unarudi, kisha kipande kingine kinafuata. Pili, mpaka wenyewe ulitegemea uangalifu. Maji yakiachwa tangini yatulie vizuri, aliweza kufikia karibu 13,000 kabla mstari wa rangi haujavunjika. Maji yakiingia bombani yakiwa tayari yamevurugika, yalihitaji kushushwa hadi kama 2,000 ndipo yatulie tena. Ana namba mbili, basi, na kila moja inajibu swali lake. Karne moja baadaye kifaa chake kilipotumika tena mjini humohumo, ile 13,000 haikufikika: mitetemo ya magari barabarani ilitosha kuuvunja mstari wa rangi mapema.

Reynolds mwenyewe alihisi maana yake. Aliandika kwamba huenda mtiririko ni thabiti dhidi ya usumbufu mdogo na si thabiti dhidi ya mkubwa. Wazo hilo lilikuwa sahihi, na ilichukua zaidi ya miaka mia moja kulifanyia haki.

Hesabu inayosema "kamwe"

Njia ya kawaida ya kupima uthabiti ni hii: chukua mtiririko tulivu, ongeza usumbufu mdogo mno, kisha uliza milinganyo kama usumbufu huo utakua au utafifia. William Orr mwaka 1907 na Sommerfeld mwaka 1908 ndio walioandika mlinganyo wa kufanyia kazi hiyo kwa mtiririko uliobanwa kati ya kuta. Werner Heisenberg, kabla hajawa jina kubwa la fizikia ya kwanta, aliandika tasnifu yake ya udaktari juu ya tatizo hili mwaka 1923, chini ya Sommerfeld.

Majibu yalikuja polepole, na yalikuwa ya ajabu. Kwa maji yanayosukumwa kati ya bapa mbili sambamba, Steven Orszag alipata mwaka 1971 kwamba utulivu huvunjika kwenye namba 5,772, ikihesabiwa kwa nusu ya upana wa njia na kasi ya katikati. Lakini maabara zinaona msukosuko mapema sana, kama 1,000 kwa kipimo hichohicho. Kwa maji yaliyo kati ya bapa mbili ambazo moja inateleza juu ya nyingine, V. A. Romanov alithibitisha mwaka 1973 kwamba usumbufu mdogo hufa kwa namba yoyote ile. Maabara zinaona msukosuko hata hivyo. Na kwa bomba la mviringo, Álvaro Meseguer na Lloyd Trefethen walipiga hesabu kwa kompyuta hadi namba ya Reynolds ya milioni 10, matokeo yakachapishwa 2003. Hawakukuta usumbufu mdogo hata mmoja unaokua daima.

Hapa ni rahisi kutaka kuchagua upande: ama milinganyo ina kasoro, ama vipimo. Hakuna chenye kasoro. Kilicho na mipaka ni swali lililoulizwa, kwa sababu lilihusu usumbufu mdogo mno peke yake.

Fikiria goroli. Ikiwa ndani ya bakuli, uisukume utakavyo, itarudi chini. Ikiwa juu ya kilele cha kilima kilicho laini, pumzi tu inaiangusha. Sasa chimba kibonyeo kidogo juu ya kilele hicho na uiweke goroli humo. Ukiigusa kidogo, inayumba na kurudi. Ukiisukuma hadi ivuke ukingo wa kibonyeo, inaporomoka hadi bondeni, na hairudi. Mtiririko tulivu ndani ya bomba uko kwenye kibonyeo hicho. Namba ya Reynolds inapopanda, kibonyeo hupungua kina, lakini hakifutiki.

Kinapungua kwa kiasi gani? Björn Hof, Anne Juel na Tom Mullin walilipima hilo wakiwa Manchester, wakachapisha mwaka 2003. Walipitisha maji tulivu bombani na kuyachoma kwa mchirizi mdogo wa maji kupitia matundu ya ukutani, wakitafuta msukumo mdogo kabisa unaotosha kuyavuruga. Walikuta msukumo huo unapungua kwa uwiano uleule ambao namba inapanda. Ongeza namba ya Reynolds mara kumi, na msukumo unaotosha unakuwa moja ya kumi. Hapo kazi ya Pfenninger inaeleweka: kufika 100,000 hakuhitaji maji ya aina nyingine, kulihitaji kuondoa karibu kila usumbufu, kwenye maji yanayoingia, kwenye kuta, kwenye viungo na kwenye mitetemo. Inaeleweka pia kwa nini mabomba ya majumbani hayana nafasi ya kutulia. Kila kona, kila kiungo, kila koki inatoa msukumo unaozidi kile kinachotakiwa.

Usumbufu unaokua kabla ya kufa

Swali linabaki. Ikiwa kila usumbufu mdogo hatimaye hufa, kwa nini msukumo mdogo hivyo unatosha?

Jibu liko kwenye neno "hatimaye". Usumbufu unaweza kukua sana kwanza, ndipo ufe. Fikiria jozi ya mizunguko dhaifu iliyolala kufuata urefu wa bomba. Upande mmoja mzunguko unayainua maji ya karibu na ukuta, ambayo yana kasi ndogo, na kuyapeleka katikati. Upande mwingine unayashusha maji ya katikati yenye kasi kubwa hadi ukutani. Mizunguko yenyewe ni dhaifu na inafifia. Lakini imeacha nyuma michirizi mirefu ya maji ya polepole na ya haraka ikiwa ubavu kwa ubavu, na michirizi hiyo ina nguvu nyingi kuliko mizunguko iliyoizaa, kwa kuwa nguvu yake imetoka kwenye mtiririko mkuu. Mwaka 1993 Trefethen na wenzake walionyesha wazi jinsi ukuaji huu wa muda unavyojificha kwa mtu anayetazama hatima ya usumbufu tu.

Namba ya Reynolds ikiwa kubwa, mnato unachelewa kuifuta michirizi, nayo inapata muda wa kuwa mikali. Michirizi mikali haina uthabiti: inaanza kuyumba kama mawimbi, inavunjika, na katika kuvunjika kwake inazaa mizunguko mipya. Mizunguko inazaa michirizi, michirizi inazaa mizunguko. Duara likishafungwa, msukosuko unajilisha wenyewe na haumhitaji tena aliyeuchokoza. Kwa maoni yangu hiki ndicho kipande kizuri kuliko vyote katika somo hili, na inasikitisha kwamba mwanafunzi anaweza kumaliza shahada bila kukisikia.

Basi 2,000 ni namba ya nini?

Ukishajua kwamba utulivu hauvunjiki wenyewe, swali la maana linageuka. Badala ya kuuliza ni lini utulivu unashindwa, unauliza ni lini msukosuko unaweza kuendelea kuishi. Hilo ndilo swali lililokuwa chini ya namba ya pili ya Reynolds.

Rudi kwenye vile vipande vyake. Karibu na namba 2,000, bomba halijai msukosuko. Kuna vipande vyenye urefu wa takriban vipenyo ishirini au zaidi vya bomba, vinavyosafiri karibu na kasi ya wastani ya maji, na kati yake maji yametulia. Kila kipande kina mambo mawili yanayoweza kukipata. Kinaweza kuzimika ghafla, bila onyo, hata baada ya kusafiri mbali sana. Au kinaweza kutema kipande kingine mbele yake, vikawa viwili. Matukio yote mawili ni ya bahati nasibu: huwezi kusema kipande hiki kitakufa lini, unaweza tu kusema wastani wa vipande vingi.

Namba ya Reynolds inapopanda, kuzimika kunakuwa kwa nadra sana na kuzaliana kunakuwa kwa mara nyingi zaidi. Ukichora kuzimika na kuzaliana kama mistari miwili kwenye grafu, mahali inapokatana vipande vinazaliwa kwa kasi ileile vinavyokufa. Mwaka 2011 Kerstin Avila, Hof na wenzao walichapisha mahali hapo: 2,040, na kosa la takriban 10 juu au chini. Ilichelewa kupatikana kwa sababu karibu na mpaka matukio haya ni adimu mno. Bomba la kuyashuhudia moja kwa moja lingepaswa kuwa na urefu wa mamilioni ya vipenyo. Walilazimika kupima maelfu ya vipande katika mirija mirefu, chini na juu ya mpaka, na kuifuata mistari hadi inapokutana. Hisabati ya mpambano huu, kufa dhidi ya kuzaliana, ni ya familia ileile na hisabati ya maradhi ya kuambukiza: mlipuko unaendelea pale tu mgonjwa mmoja anapoambukiza wastani wa zaidi ya mtu mmoja.

Kwa hiyo chini ya 2,040, uvuruge utakavyo, mtiririko utatulia ukipewa bomba refu la kutosha. Juu yake, msukosuko ukishaanza utadumu, lakini haulazimiki kuanza. Kwenye 2,300 hivi vipande vinaanza kutanuka badala ya kugawanyika tu, vinameza maji tulivu mbele na nyuma, na bomba linaelekea kujaa. Ndiyo maana vitabu vinatofautiana. Kila kimechukua hatua mojawapo ya safari hii na kuiita mpaka.

Njia zisizo za mviringo zina tabia zake. Njia ya mraba inafanana na bomba: hesabu ya usumbufu mdogo haipati namba ya kuvunjika, lakini msukosuko unaingia hata hivyo. Njia ya mstatili inayopanuka hadi upana wake uzidi kimo kwa zaidi ya mara 3.2 hivi inaanza kuwa na namba halisi ya kuvunjika, kama walivyoonyesha Tatsumi na Yoshimura mwaka 1990, kwa kuwa inakaribia hali ya bapa mbili. Msukosuko ukishaingia kwenye njia yenye pembe, unaanzisha mikondo midogo ya pembeni inayosukuma maji kuelekea kwenye pembe, kitu ambacho mtiririko tulivu wa njia hiyohiyo hauna kabisa.

Yanayosemwa sana

Husemwa kwamba bomba pana hutuliza maji. Inategemea unashika nini. Ukishika kasi ileile, bomba pana linaongeza namba ya Reynolds. Ukishika lita zilezile kwa dakika, bomba pana linaipunguza, kwa sababu kasi inashuka haraka kuliko kipenyo kinavyopanda. Kanuni hii inafanya kazi hata ndani ya mwili. Mshipa wa damu ukisinyaa ukawa nusu ya kipenyo chake na bado upitishe damu ileile, kasi inakuwa mara nne na namba inakuwa mara mbili. Daktari akiweka stethoskopu hapo, anaweza kusikia mvumo ambao mshipa mzima hautoi. Mgonjwa mwenye upungufu wa damu naye anaweza kuwa na mvumo, kwa kuwa damu yake ina mnato mdogo na moyo unaisukuma kwa kasi zaidi.

Husemwa pia kwamba hewa, kwa kuwa ni nyepesi, huvurugika upesi kuliko maji. Mnato wa hewa ukigawanywa kwa msongamano wake unazidi wa maji kwa mara 15 hivi. Katika bomba lilelile na kwa kasi ileile, maji ndiyo yenye namba kubwa. Njia za hewa za majengo zina msukosuko kwa sababu ni pana na hewa inakwenda kasi. Njia yenye upana wa sentimita 30, hewa ikienda mita 3 kwa sekunde, inatoa 60,000.

Na husemwa kwamba kulipinda bomba lazima kuvuruge maji. Kona moja kali hufanya hivyo kweli. Lakini bomba lililosokotwa kwa mzingo endelevu hufanya kinyume. William Dean alieleza mwaka 1927 mizunguko miwili ya upole inayojitokeza katika bomba lililopinda, na mwaka 1929 G. I. Taylor akaonyesha kwa rangi kwamba mtiririko ndani ya msokoto unaweza kubaki mtulivu hadi namba inayozidi maradufu ile ya bomba lililonyooka.

Gharama yake, na namna ya kuipunguza

Kwenye mtiririko tulivu, ukitaka kasi maradufu unahitaji shinikizo maradufu. Kwenye msukosuko unahitaji zaidi ya mara tatu, na kwenye bomba lenye kuta zenye mikwaruzo karibu mara nne. Kwa lile bomba la sentimita 2, maji yakienda mita 1 kwa sekunde, namba ni 20,000, na msukosuko unadai shinikizo kubwa kwa takriban mara nane kuliko ambalo lingetosha kama maji yangekuwa yametulia. Sehemu kubwa ya umeme wa pampu duniani inalipia mizunguko hii.

Si hasara tupu. Bila msukosuko, dawa iliyotiwa kwenye maji ingebaki kama ule mstari wa rangi wa Reynolds, na maji kwenye mitambo ya kupoza yangepoa pembeni tu huku katikati yakibaki ya moto. Mhandisi anayebuni mtambo wa kubadilishana joto huutafuta msukosuko kwa makusudi. Anayesafirisha mafuta kilomita mia kadhaa anaukimbia.

Huyo wa mafuta ana msaada mmoja wa zamani. B. A. Toms alieleza mwishoni mwa miaka ya 1940 kwamba kiasi kidogo cha polima yenye molekuli ndefu, sehemu chache tu kwa milioni, hupunguza ukinzani wa mtiririko wa msukosuko kwa kiwango kikubwa. Nyuzi za polima zinanyumbuka ndani ya mizunguko na kuipunguzia nguvu, yaani zinaliingilia lile duara la mizunguko na michirizi. Bomba la mafuta linalovuka Alaska lilianza kutumia dawa za aina hiyo mwaka 1979.

Njia ya pili ni mpya, na ilishangaza wengi. Mwaka 2018 Jakob Kühnen, Hof na wenzao walionyesha kwamba msukosuko ulioenea bomba zima unaweza kuzimwa kabisa. Katika mojawapo ya majaribio yao waliuzidisha kwanza, kwa kuyakoroga maji kwa nguvu. Maji yaliyokorogwa hivyo yana kasi inayokaribiana kutoka ukutani hadi katikati, na pasipo tofauti ya kasi mizunguko haina cha kuinua wala kushusha, kwa hiyo michirizi haipati chakula. Ndani ya umbali mfupi msukosuko wote ukafa na ukinzani ukashuka sana. Maji hayo yakabaki tulivu hadi mwisho wa bomba, juu kabisa ya 2,040, ilimradi bomba limenyooka na hakuna cha kuyasukuma. Kona ya kwanza yenye kiungo kibovu inatosha kuyarudisha yalikokuwa, na kutafuta vifaa vya kuyatuliza upya baada ya kila kona, kwa nishati ndogo kuliko inayookolewa, ndiko utafiti ulikoelekea sasa.